Darasa la watoto 24, watatu wana mahitaji maalumu, msaidizi ni mmoja: tumpange vipi?

MwalimuAwali

Habari za kazi walimu na wataalamu. Naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi hii kwa undani, maana maneno ya kutiana moyo tunayo ya kutosha.

Darasa lina watoto 24 wa miaka 3 hadi 5 na walimu wawili. Tumeongezewa msaidizi mmoja kwa ajili ya watoto hawa:

Wa kwanza ni mvulana wa miaka 4, ana ripoti ya usonji. Maneno anayo machache, na mengi ni kurudia alichosikia. Kila tunapobadilisha shughuli (kutoka nje kuingia ndani, kutoka kwenye vitalu kwenda kunawa) anajitupa chini na kupiga kelele. Akishikwa, anang'ata.

Wa pili ni msichana wa miaka 3 na nusu, anavaa vifaa vya kusaidia kusikia masikio yote mawili. Ukiwa naye peke yenu anaelewa vizuri. Kwenye mduara wa hadithi anapotea, anaangalia wenzake wanafanya nini ndipo afuate.

Wa tatu ni mvulana wa miaka 4 mwenye mtindio wa ubongo, miguu imekakamaa, anatembea kwa kushikilia. Kwenye kiti anateleza mbele, na baada ya dakika chache mikono haifanyi kazi tena.

Kwa sasa msaidizi anakaa na wa kwanza muda wote. Maswali yangu: (a) msaidizi tumgaweje, (b) mabadiliko ya shughuli tuyafanyeje, (c) mpango wa kila mtoto uandikweje usibaki karatasi ya kabatini. Tunayo printa ya nyeusi na nyeupe, karatasi ngumu, na fundi seremala wa kumwomba kazi ndogondogo.

ElimuMaalumu_K

Pole na kazi, Mwalimu. Nianze na (b), kwa sababu mabadiliko ya shughuli yakitulia, sehemu kubwa ya muda wa msaidizi inarudi mikononi mwako.

Kabla ya kukata kadi yoyote ya ratiba ya picha, andika kwanza. Gawa karatasi safu nne: saa, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Jaza kila tukio papo hapo kwa wiki moja ya masomo, usisubiri jioni uanze kukumbuka. Andika ulichokiona: "alilala chali, akapiga mateke, dakika 4". Usiandike "alileta ukorofi", hayo ni maoni. Wiki ikiisha, soma safu ya pili na ya nne. Kama kila akijitupa chini anaachiwa aendelee na vitalu "mpaka atulie", basi kujitupa chini kunamlipa. Lakini kama matukio mengi yako njiani kwenda kunawa na karibu hakuna wakati wa kutoka nje, kabadilishe kule kwa kunawia: mwangwi, maji baridi, harufu ya dawa ya kusafishia, watoto kumi wanaosukumana mlangoni. Kwa nje vilio hivi viwili vinafanana kabisa, ila dawa zake zinapingana. Cha kwanza unahakikisha shughuli inafanyika hata kwa hatua moja ndogo. Cha pili unampeleka kabla ya kundi, sehemu ikiwa tupu. Ukikosea hapo, ratiba nzuri kiasi gani haitakusaidia.

Sasa ratiba ya picha. Kwanza jua kama picha zina maana kwake. Weka vitu viwili mezani, kikombe na kiatu, mwonyeshe picha ya kimoja. Akichagua sahihi mara 4 kati ya 5, na ukivibadilisha nafasi bado anapata, tumia picha. Asipopata, tumia vitu vyenyewe: taulo dogo maana yake kunawa, kiatu maana yake nje. Wengi wanaruka hatua hii, kisha wanalalamika kwamba "ratiba haifanyi kazi kwake".

Anza na kadi mbili tu, Kwanza (cha kufanya sasa) na Halafu (anachokipenda kinachofuata), juu ya ubao mdogo anaoweza kuushika. Kadi ya sentimita 7 kwa 7 inamtosha mtoto wa umri huo. Ubao ukining'inizwa, uwe usawa wa macho yake, si yako. Kisha ongeza jambo moja ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye nguvu zaidi: kadi ya kusafiri nayo. Pale kwa kunawia bandika nakala ya picha ileile ikiwa na kipande cha velkro (utepe wa kunasa na kubandua). Zamu ikifika, humwambii "twende". Unampa kadi, anaibeba mwenyewe mpaka pale, anaibandika juu ya pacha wake, "trap", kazi imeisha. Mtoto anayegoma kuondoka mara nyingi hagomi kupeleka kitu, kwa sababu mkononi ana jambo lenye mwanzo na mwisho.

"Dakika tano zimebaki" haimwambii kitu mtoto wa miaka 4. Tumia kipima muda cha mchanga cha dakika 2, au wimbo mmoja uleule ambao hauimbwi wakati mwingine wowote. Na weka trei yenye alama yake kwa ajili ya kazi ambayo hajaimaliza. Kilio kingi cha mwisho wa mchezo ni cha mnara unaobomolewa, wala si cha kwenda mahali. Akijua mnara unahamia kwenye trei na atautafuta baadaye akaukuta, joto linashuka.

Lugha yenu pia. "Haya mpenzi, sasa tunavaa viatu ili tutoke nje na wenzetu tukacheze" ni kelele kwake. Sema "Viatu", onyesha kadi, kisha nyamaza na uhesabu kimoyomoyo mpaka 10. Ukirudia kwa maneno mengine kabla ya hapo umemwanzishia kazi upya ya kuelewa.

Kuhusu kung'ata: umesema mwenyewe, anang'ata akishikwa. Basi msimshike, isipokuwa yuko kwenye hatari. Ondoeni wengine pale alipo badala ya kumwondoa yeye. Mtu mzima mmoja tu aongee, asimame ubavuni mwake kwa umbali ambao mkono haufiki. Akishatulia, hakuna hotuba: kadi ileile irudi, hatua ndogo ifanyike (kugusa bomba tu inatosha siku ya kwanza), kisha Halafu yake aipate. Ngozi ikichubuka, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, waambieni wazazi wa pande zote mbili siku hiyohiyo, na aliyeng'atwa aonwe na mhudumu wa afya.

Makosa yanayoua ratiba: kuitoa pale tu jambo baya linapokuja, hivyo kadi inakuwa tangazo la adhabu, kubandika siku nzima yenye kadi tisa siku ya kwanza, kufuta Halafu kama adhabu, na kuiacha kwa sababu "sasa amezoea". Amezoea kwa sababu ipo.

Matamshi_na_Usikivu

Naongezea upande wangu, nianze na swali: huyo wa kwanza alipimwa usikivu kwa vifaa? Ripoti ya usonji haiondoi haja hiyo. Mtoto yeyote mwenye lugha iliyochelewa apimwe masikio kwanza, na kumpigia makofi kwa nyuma si kipimo. Anaweza kugeuka kwa sababu ya kivuli au upepo wa mkono, au akasikia sauti nzito huku "s" na "f" hazimfikii kabisa. Maji yaliyotuama nyuma ya ngoma ya sikio hupunguza usikivu wiki hii, wiki ijayo ukarudi, na mtoto anaonekana mkaidi wa msimu.

Msichana sasa. Kinachomtokea kwenye mduara kina sababu mbili, umbali na kelele. Kifaa kinakuza kila sauti, na msuguano wa viti kinaukuza pamoja na sauti yako. Katika eneo wazi nguvu ya sauti hushuka kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa hiyo tofauti ya mita 1 na mita 4 kwake ni kubwa sana.

Wengi humketisha ubavuni mwa mwalimu wakidhani wamemsaidia. Pale anaona sikio lako! Aketi mkabala nawe, au upande kidogo, umbali wa mita 1 hadi 1.5, na dirisha liwe nyuma yake au ubavuni, lisiwe nyuma yako. Mwanga uangukie uso wako, kwa sababu anasoma midomo hata kama hakuna aliyemfundisha. Usisome hadithi ukiwa umeinamia kitabu. Soma, inua uso, sema, onyesha picha, ngoja aitazame, ndipo uendelee. Hawezi kutazama picha na mdomo kwa wakati mmoja. Mtoto mwingine akijibu, mwonyeshe kwa mkono anayesema, kisha rudia jibu lake wewe mwenyewe.

Vipande vya raba au kitambaa kizito chini ya miguu ya viti, mkeka sakafuni na pazia la kitambaa vinapunguza kelele kuliko kupaza sauti. Kupaza sauti kunayavuruga maneno, na kunabadilisha umbo la midomo yako.

Dakika 5 kabla ya mduara, msaidizi akae naye na vitu vitatu au vinne vya hadithi ile na kumtajia majina yake. Ndizo dakika zenye faida kuliko zote kwa mtoto huyu, kwa sababu kwenye mduara atasikia maneno anayoyatarajia. Na usimuulize "umeelewa?". Atatikisa kichwa. Mwambie "nionyeshe".

Kila asubuhi pimeni vifaa kwa sauti sita zinazojulikana kwa jina la Ling: aaa, uuu, iii, mmm, shhh, sss. Simama nyuma yake umbali wa mita 1, zitamke kwa sauti ya kawaida bila mpangilio, ukiacha kimya kisicholingana kati yake ili asibahatishe. Kila akisikia anaangusha kitalu kwenye ndoo. Inachukua dakika 2. Kama jana alizisikia zote na leo "sss" na "shhh" hazipo, angalia betri, halafu nta iliyoziba tundu la kile kipande laini kinachoingia sikioni, halafu matone ya unyevu ndani ya mrija. Kifaa kikipiga mluzi, kipande hakijakaa vizuri au sikio limekua na kipande kimekuwa kidogo. Watoto wa umri huu huhitaji kipande kipya mara kwa mara, hivyo mluzi usiokoma ni ujumbe wa kumfikishia mzazi, wala msipunguze sauti ya kifaa ili mpate utulivu.

Betri ndogo za duara ni hatari sana. Ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2. Ni hospitali moja kwa moja, bila kumtapisha. Hakikisheni mfuniko wa betri una kufuli ya watoto na akiba inakaa juu, mahali palipofungwa. Betri ikikosekana na hamjui iko wapi, hesabuni kwamba imemezwa.

Turudi kwa wa kwanza kidogo. Maneno ya kurudia si takataka. Akija akasema "unataka maji?", anaomba maji kwa sentensi aliyoisikia kila mara maji yalipokuja. Usimjibu "ndiyo, nataka". Mpe sentensi kutoka upande wake: "Nataka maji", kisha mpe. Na msimlazimishe kukutazama machoni ndipo mmpe. Kwa watoto wengi wenye usonji kutazama na kusikiliza kwa pamoja ni mizigo miwili, mtaupata mmoja mpoteze mwingine.

Kama hana njia ya kuomba, anzeni kubadilishana picha, mfumo uliobuniwa na Andy Bondy na Lori Frost Marekani mwaka 1985. Hatua ya kwanza inahitaji watu wazima wawili: mmoja mbele ameshika kitu anachokipenda, kiganja kimefunguka, mwingine nyuma yake, bubu kabisa, anauongoza mkono wa mtoto kuokota kadi na kuiweka kwenye kiganja kile. Papo hapo kitu kinatolewa na kutajwa jina. Hakuna "unataka nini?", hakuna "nipe kadi". Ukiuliza, atajifunza kungoja swali, na mtoto anayengoja swali bado hajaanza kuwasiliana. Wa nyuma apunguze msaada upesi: mkono, kisha kiwiko, kisha asiguse.

Viungo_na_Mikao

Wa tatu. Hatelezi kwa uvivu. Sababu za kawaida ni tatu na mara nyingi zinakuja pamoja: kiti ni kirefu kwenda nyuma kuliko paja lake, kwa hiyo anasogeza makalio mbele ili goti lipate kukunja, miguu inaning'inia, na misuli iliyokaza nyuma ya mapaja inaivuta nyonga izunguke kinyumenyume. Akiwa hivyo, mikono yote miwili inakuwa kazini kumzuia asianguke. Itaandika saa ngapi?

Fundi wako mpe vipimo hivi, mtoto akiwa amevaa viatu anavyovaa darasani:

Kina cha kiti: kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, toa sentimita 2 hadi 3.
Urefu wa kiti: kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni, nyayo zikiwa bapa.
Upana: nyonga, ongeza sentimita 2 kila upande. Kikiwa kipana zaidi anaegemea upande mmoja.
Meza: usawa wa kiwiko mkono ukiwa umekunjwa, au sentimita 2 juu yake. Ikatwe mbele nusu duara ili viwiko vyote viwili vipate pa kuegemea.

Nyonga, goti na kifundo cha mguu vyote viwe karibu nyuzi 90. Kama hamtengenezi kiti kipya, sanduku chini ya miguu na ubao nyuma ya mgongo vinaweza kukipunguza cha zamani mpaka vipimo vitimie. Juu ya kiti wekeni raba isiyoteleza. Mkanda upite kwenye mkunjo wa nyonga, ukivuta kuelekea chini na nyuma kwa nyuzi kama 45. Ukipita tumboni hauzuii kitu, unambana pumzi tu. Kile kigogo kinachowekwa katikati ya mapaja kazi yake ni kutenganisha magoti. Mafundi wengi wanakiweka karibu sana na mwili ili kimzuie asiteleze, matokeo yake ni maumivu kwenye kinena.

Kiti kizuri nacho si cha kutwa nzima. Kila dakika 20 hadi 30 abadilishe mkao: kusimama kwenye meza ya mchanga akiwa ameegemea, kulala ubavu kwenye mkeka na vitabu, kukaa sakafuni ameegemea kona ya ukuta. Kazi za mikono zifanyike kwenye kiti, mapema, kabla hajachoka. Kama lengo la dakika ile ni kujifunza kukaa bila kuegemea, basi kazi ya mikono iwe rahisi sana, kudondosha mipira kwenye kapu. Usimfundishe kukaa na kushika kalamu kwa wakati mmoja, vyote viwili vitashindikana.

Anapoletwa kitini, kunja nyonga kwanza na taratibu. Miguu iliyokakamaa ukiivuta kwa haraka inakaza zaidi. Msimnyanyue kwa kumvuta mikono yake. Kama anavaa splinti (vifaa vigumu vya kushikilia miguu), zikivuliwa angalieni alama nyekundu: zisipopotea ndani ya dakika 20 zirudi kwa aliyezitengeneza.

Waulizeni wazazi pia kuhusu kifafa, kwa sababu huandamana na mtindio wa ubongo mara nyingi. Mkiona degedege: angalieni saa, mlazeni ubavu, msitie kitu mdomoni, msimzuie asitikisike. Likipita dakika 5, au likianza lingine kabla hajazinduka, iteni msaada wa dharura. Lipo pia lile la kimya, sekunde chache anakodoa na kukatika katikati ya neno. Hilo huitwa "ndoto za mchana" kwa miezi kabla ya mtu kuliandika.

MwalimuAwali

Nawashukuru sana, hasa vipimo vya kiti, kesho vinakwenda kwa fundi. Usikivu wa mvulana wa kwanza haukupimwa, nimeangalia faili.

Yamebaki mawili. Mzazi wa huyohuyo wa kwanza anataka msaidizi asiondoke ubavuni mwa mtoto hata dakika moja, anasema ndiyo ahadi aliyopewa. Pili, tumeweka hema dogo kama kona tulivu na sasa anataka kushinda humo. Tulifunge?

Mratibu_Jumuishi

Msilifunge hema, lirekebisheni. Kona tulivu ina masharti matatu: anaingia kwa hiari yake au kwa kuonyeshwa kadi, hapelekwi kwa kosa, ndani hamna kitu anachokipenda kuliko vyote (kama mmeweka magari yake humo, hapo si kona tulivu tena, ni chumba cha michezo), na kuna kipima muda cha mchanga, mchanga ukiisha kadi ya shughuli inayofuata inaingia. Kisha fungueni ile karatasi ya safu nne mwone anakimbilia humo saa zipi. Kama ni kila mara watoto wote 24 wako ndani kwa pamoja, gaweni kundi. Hema linawaambia jambo kuhusu darasa.

Msaidizi. Mzazi ana haki ya kuwa na hofu, na msimjibu kwa kanuni. Mwonyesheni dakika 10 za mchezo huru msaidizi akiwa ubavuni, na 10 akiwa hatua tatu nyuma, mkihesabu vijialama: mara ngapi mtoto mwingine alimsogelea au kumwambia kitu. Msaidizi akiwa katikati, wenzake humwambia msaidizi: "Mwalimu, mwambie aniachie." Mtoto naye anangoja mkono wa mtu mzima kabla ya kila tendo. Hesabu hiyo mzazi ataielewa kuliko maelezo yangu.

Mgawanyo nitakaoupendekeza: msaidizi ni wa darasa. Awe karibu na wa kwanza wakati wa kupokelewa asubuhi na kila mabadiliko ya shughuli. Awe na msichana zile dakika 5 kabla ya hadithi. Awe na wa tatu kwenye kuhama mikao na chooni. Zinazobaki, asimamie kundi kubwa ili mwalimu mwenyewe aketi na mmoja wa hawa watatu kwa dakika 10 kila siku. Kosa la kawaida ni mtoto mwenye mahitaji makubwa kufundishwa siku zote na mtu mwenye mafunzo madogo, huku mwalimu akimwona kwa mbali tu. Na msaidizi akiketi, awe nyuma au pembeni, asikae kati ya mtoto na wenzake.

Mfundisheni ngazi ya msaada: kuongoza mkono, kugusa kiwiko, kuonyesha kwa kidole, kutazama kitu tu, kungoja. Anzeni na msaada unaohakikisha anafaulu, shukeni ngazi moja kila anapofaulu mara kadhaa. Msaada wa maneno unaonekana mdogo lakini ndio mgumu kuuondoa. Mtoto aliyezoea "haya, sasa sukuma… haya, sasa vuta" anasimama mpaka asikie "haya".

Kazi za kuvaa na kunawa zifundisheni kuanzia mwisho. Suruali: mtu mzima anaipandisha mpaka chini kidogo ya kiuno, mtoto anamalizia. Akiweza, mwachieni kutoka kwenye mapaja, kisha magotini. Kila mara yeye ndiye anayemaliza, na anaonja kufaulu siku ya kwanza. Ukianza na hatua ya kwanza, ya kuingiza mguu, atachoka kabla hajaona matunda.

Mpango (c): ukurasa mmoja, malengo matatu kwa mtoto, yasizidi. "Kuboresha mawasiliano" si lengo, hakuna anayejua siku limetimia. Hili ni lengo: "Wakati wa mchezo wa ndani ataleta kadi kwa mtu mzima yeyote, umbali wa hatua mbili, bila kuguswa, mara 4 kati ya 5, siku 3 mfululizo." Chini yake andikeni nani anafanya, saa ngapi, kwa kitu gani. Kisha gridi ya siku, kila jaribio herufi moja: P peke yake, I kwa ishara, M kwa mkono. Herufi zisipobadilika kwa wiki mbili, hatua ni kubwa mno, ikateni vipande viwili, msiongeze msisitizo. Pitieni na wazazi kila baada ya wiki 6. Gridi ikae pale kazi inapofanyika, ndani ya mlango wa kabati la vitalu kwa mfano, ikiwa na alama badala ya jina, kwa sababu wazazi wengine wanapita humo.

Na mkiongea na mzazi kuhusu usikivu ambao haujapimwa, semeni mlichoona: "Tukimwita jina kwa nyuma haitikii, tukifungua pakiti anageuka." Msiseme mnahisi ana tatizo gani. Kubaini ugonjwa si kazi ya chekechea, lakini maelezo ya namna hiyo ndiyo daktari anayoyahitaji.

Matamshi_na_Usikivu

Nakubaliana, ila kidogo kuhusu "kuongoza mkono". Mtoto akiuvuta mkono wake, acha. Weka mkono wako chini ya wake badala ya juu, ahisi unachofanya na awe huru kuondoka. Kwa huyu anayeng'ata akishikwa, ndiyo njia pekee ningeijaribu, hata kwenye kubadilishana picha.

MwalimuAwali

Sawa. La mwisho, dogo: kadi tulizochapisha jana ni picha za simu, zimetoka nyeusi tupu, na plastiki tuliyozifunika inang'aa.

ElimuMaalumu_K

Picha ya simu kwenye printa ya nyeusi na nyeupe ndivyo inavyokuwa. Chora michoro ya mistari minene ya milimita 2 kwa kalamu ya wino mzito, kitu kimoja kwa kadi, bila mandhari nyuma, kisha itoe nakala. Kama mnataka picha, wekeni kitu juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha kabla ya kupiga, na ongezeni mwanga kwenye simu kabla ya kuchapisha. Mng'ao wa plastiki ondoeni kwa kuisugua juu kidogo na msasa laini kabisa, au tumieni utepe mpana usiong'aa badala ya plastiki. Velkro upande laini uwe kwenye ubao, mgumu nyuma ya kadi, na mfuate mpangilio huohuo kwenye kila ubao wa darasa. Wakichanganya mtu mmoja tu, nusu ya kadi hazitabandikika, na mtajua saa ileile anapotakiwa kwenda kunawa.